Uzi: Gari zinazofunga breki zenyewe, zinamwona kweli mtembea kwa miguu?

Fundi Waya (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Siku hizi kila anayeshusha gari kutoka Japani anashuka na stori moja: "Hii inafunga breki yenyewe, hata mtu akikatiza inasimama." Wauzaji nao wameshaona pesa ilipo. Tangazo la Vitz ya 2016 linaandikwa "ina breki otomatiki" kwa herufi kubwa kuliko bei. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, na hizi kamera na rada ndizo zinazonilisha miaka hii, kwa hiyo nimeona niwaelezee kinachofanyika humo ndani na kile ambacho majaribio ya wenzetu yameonyesha.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizunguke. Mfumo unafanya kazi, si uongo wa biashara. Ila unafanya kazi vizuri mchana, kwenye barabara iliyonyooka, kwa mwendo wa mjini. Anayetembea gizani pembeni ya barabara kuu asiutegemee, wala dereva wake asiutegemee kwa niaba yake.

Tuanze na macho yake. Ukikaa kwenye usukani ukatazama juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma, utaona kiboksi cheusi. Humo ndimo kamera ilimo. Subaru wanaweka mbili, kushoto na kulia, umbali unapatikana kwa kulinganisha picha mbili. Toyota za daraja la juu zina kamera moja pamoja na rada iliyofichwa nyuma ya nembo ya mbele. Rada ni hodari wa chuma: lori lililo mbali mbele yako inalipata hata kwenye ukungu. Mtu ni nyama na maji, mwangwi wake dhaifu, na akisimama tuli rada inamchanganya na nguzo, kibao na kingo za daraja, vitu ambavyo imefundishwa kuvipuuza, la sivyo gari ingekuwa inajifunga breki kila baada ya nguzo. Kazi ya kusema "huyu ni mtu" inabaki kwa kamera. Na kamera inataka mwanga, kioo kisafi, na mtu anayeonekana umbo lake lote kuanzia kichwani hadi miguuni.

Kompyuta ikishaamini kwamba ni mtu, inapiga hesabu: kwa mwendo huu zimebaki sekunde ngapi tumfikie? Kwanza inalia na kuwasha maandishi kwenye dashibodi, ambayo kwa gari nyingi zetu ni ya Kijapani na dereva hajui yanasema nini. Dereva asipofanya kitu ndipo inafunga. Haina haraka, kwa sababu breki ya bure pale Mandela Road maana yake ni lori la nyuma kukuingia kwenye buti, na mtengenezaji anajua kesi itakuwa yake. Kwa hiyo anaiacha isubiri mpaka iwe na uhakika. Tena ukikanyaga mafuta kwa nguvu au ukakata usukani ghafla, mifumo mingi inachukulia kwamba dereva ameshaamua la kufanya, inajitoa.

Sasa hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Toyota walipoanza 2015 walitoa mifumo miwili yenye jina karibu moja. Toyota Safety Sense C iliwekwa kwenye gari ndogo, Axio, Fielder, Vitz, ni leza na kamera. Ile ya mwanzo ilifunga breki kwa ajili ya gari iliyo mbele tu. Mtu hamo. Toyota Safety Sense P, iliyomo kwenye Prius mpya ya mwisho wa 2015, C-HR, Harrier kuanzia 2017 na Land Cruiser, ndiyo yenye rada na ndiyo inayomtambua mtembea kwa miguu. Hata hiyo, Toyota hawakuahidi miujiza: walisema kwa mtu inaweza kupunguza mwendo kwa takriban kilomita 30 kwa saa. Ukiwa unatembea 80, unamgonga ukiwa 50.

Honda Fit ya 2013, na Mazda Demio na CX-5 za miaka ile, zina leza ya mwendo mdogo isiyozidi kilomita 30 kwa saa, kazi yake ni foleni. Nissan Note kuanzia mwisho wa 2013 ina kamera inayomtambua mtu, ila ukivuka 60 kwa saa, upande wa watu inajizima. Subaru zenye EyeSight (zile kamera mbili) ya kuanzia 2010 zinatambua watu. IST, Spacio, Raum na Noah za zamani hazina chochote, breki ni mguu wako. Kwa hiyo anayekwambia "ina breki otomatiki" muulize: ya gari au ya mtu? Wengi watakuangalia tu.

Majaribio. Oktoba 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilichukua saluni nne za mwaka huo, Chevrolet Malibu, Honda Accord, Tesla Model 3 na Toyota Camry, zote na mfumo wa kumtambua mtu, kikaweka midoli barabarani. Mdoli wa mtu mzima akikatiza mchana kweupe, gari ikiwa 32 kwa saa, alinusurika asilimia 40 ya majaribio. Mtoto akichomoka kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, mwendo uleule, aligongwa asilimia 89. Watu wawili waliosimama pembeni wakiwa wameipa gari mgongo waligongwa asilimia 80. Gari ikikata kona kulia ikamkuta mtu mzima anavuka, zote nne zilimgonga, kila mara. Mwendo ulipopandishwa hadi 48 mambo yakawa mabaya zaidi, na kuhusu usiku AAA walisema wazi kwamba mfumo haukusaidia kitu.

Mtu atasema hizo ni gari nne za 2019, teknolojia imesogea. Sawa. Hesabu ya barabarani kwenyewe ilikuja 2022 kutoka IIHS, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima za Marekani. Hawa hawakutumia midoli. Walichukua ripoti za polisi wakalinganisha gari zenye mfumo na zisizo nao. Ajali za kugonga watembea kwa miguu zilipungua asilimia 27, na zile zenye majeruhi asilimia 30. Hiyo si hela ndogo, ni watu wengi wamerudi nyumbani. Lakini wakaendelea kuchambua. Gizani pasipo na taa za barabarani, hakuna tofauti. Barabara zenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwenda juu, hakuna tofauti. Gari ikiwa inakata kona, hakuna tofauti.

Zisome tena hizo tatu huku ukifikiria Kibaha kwenda Chalinze saa mbili usiku.

Na kuna kitu ambacho programu mpya haitakibembeleza, nacho ni umbali. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Tairi nzima, lami kavu, breki imefungwa mpaka mwisho, bado unahitaji kama mita 12 kusimama, hapo hujahesabu muda wa kompyuta kuamua. Mtoto akitokea mbele ya daladala iliyosimama, mita kumi kutoka kwako, hakuna kamera itakayomkwepa. Kwa 30 kwa saa breki hiyohiyo inakusimamisha ndani ya mita tano, na hapo mashine inamshinda binadamu kwa mbali, maana mguu wetu unachukua sekunde nzima na zaidi kufika kwenye pedali.

Karibuni tujadili. Mwenye swali la gari yake aweke mwaka na modeli, asiniulize "gari yangu ni Toyota nyeupe".

Dalali wa Bandari

Mkuu umeandika vizuri ila usituharibie soko jamani. Nina mteja wa Forester, alikuwa anashuka Goba asubuhi, mtoto wa shule akakatiza bila kuangalia. Gari ikafunga yenyewe, chai yote ya kwenye kikombe ikaishia kwenye dashibodi. Alinipigia simu anatetemeka, ananiita mganga. Sasa wewe unaleta midoli ya Wamarekani.

Fundi Waya

Sijabisha mkuu. Asubuhi, mwanga upo, mtoto kakatiza mbele wazi, mwendo wa Goba na mashimo yale hauzidi 40. Hapo ndipo nyumbani kwake mfumo. Na umetaja Forester, mojawapo ya zilizofanya vizuri.

Januari 2025 IIHS walitoa jaribio jingine la usiku: Forester, Honda CR-V na Mazda CX-5, zote za 2023, mwendo wa 40 kwa saa. Mdoli akavalishwa nguo nyeusi, kisha sweta jeupe, kisha koti la reflekta, kisha vipande vya kuakisi kwenye viungo vya mikono na miguu kama wavaavyo wafanyakazi wa barabara. Forester ilimkwepa kwenye majaribio yote isipokuwa moja. Hizo nyingine mbili zilimgonga kwenye zaidi ya asilimia 80 ya majaribio. CR-V ilipokutana na vile vipande vya kuakisi haikupunguza mwendo hata kidogo.

Kwa hiyo Forester hiyo muuzie mtu kwa moyo mweupe. Tatizo langu ni Vitz ya 2016 kuuzwa kwa stori ya Forester.

Kijiwe cha Pikipiki

Ngoja ngoja. Kwa hiyo hii reflekta tunayokimbizwa nayo na askari ndiyo inayofanya gari isituone??

Fundi Waya

Hapana, usiivue. Jicho la dereva linaiona reflekta mbali kuliko kitu kingine chochote ulichovaa, na barabara zetu gari nyingi bado zinaendeshwa na jicho la dereva peke yake. Kinachodhaniwa kuikwamisha kamera ni kwamba imefundishwa kutafuta umbo la mtu, na kitambaa kinachong'aa kikipigwa na taa kinalivunja hilo umbo, inaona mistari ya mwanga badala ya mtu. Hilo wakalitatue wao Japani, wewe vaa.

Shangazi wa South B

Majirani habari zenu. Hapa Kenya na hii sheria yetu ya miaka minane, gari zinazoingia sasa karibu zote ziko na hizi kamera. Yangu ni Fielder. Jiwe lilipasua kioo cha mbele nikiwa Mombasa Road, nikapeleka kwa fundi mmoja mtaani, akaweka kingine. Siku hiyohiyo taa ya PCS ikawaka na hadi wa leo haijazima. Nikarudi kwake akaniambia, "Hiyo ni ya urembo tu madam, endesha." Sasa kusoma hapa ndio najua hiyo taa ni ya nini. Niifanyeje?

Fundi Waya

Dada, PCS ndiyo hii breki otomatiki tunayoizungumzia, na hiyo taa inakwambia mfumo umezima. Gari inatembea, breki za mguu ziko sawasawa, ila msaidizi hayupo. Pole sana, na wako wengi wa aina yako.

Kamera imegundishwa kwenye kile kioo kwa kipimo. Kikitolewa, cha kuwekwa lazima kiwe na kishikio chake mahali palepale na upenyo wake usiwe na rangi. Baada ya hapo kamera inasetiwa upya: gari inawekwa kwenye sakafu tambarare, tairi zina upepo sawa, kibao maalumu kinasimamishwa mbele kwa umbali unaotajwa na kiwanda, mashine inaunganishwa, kamera inajifunza katikati ni wapi. Ikiinama nyuzi moja tu upande, mita 50 mbele inakuwa inaangalia karibu mita moja pembeni. Mita moja ndiyo tofauti ya mtu aliye kwenye njia yako na mtu aliyesimama zake kituoni. Mwulize fundi atakayekufanyia kama ana hicho kibao. Akikwambia "tutaizima hiyo taa kwa mashine", ondoka.

Na Fielder yako kama ni ya miaka ya mwanzo ya mfumo, hata ikitengenezwa ni ya kuona magari. Bado itengeneze, kumgonga mwenzako nyuma nako ni hasara.

Kuna wengine hawajavunja hata kioo. Gari inaletwa hapa taa inawaka, naangalia juu: stika ya "Mungu Mwema" imebandikwa kutoka kona hadi kona, herufi ya W imekaa mbele ya lenzi. Mwingine kaweka tinti ya kijani juu ya kioo. Mwingine kafunga ngao ya chuma mbele ya rada, au kagongwa bampa, akanunua nembo ya kupaka rangi ya fedha, na rada inapiga chuma cha nembo na kurudi. Na nyie wa kuzima VSC, ile ya kuzuia gari isiteleze, mkiingia kwenye tope: kwa Toyota ukizima VSC, breki ya dharura nayo umeizima. Ukitoka kwenye tope iwashe.

Mzee wa Semi

Vijana hamjambo. Mimi ni dereva wa masafa, Dar–Tunduma, miaka imekwenda. Niseme kitu kimoja ambacho sijaona mtu amekigusa. Usiku mwenzako anakuja na taa fulu, hataki kushusha. Unapofuka. Ndani ya huo upofu kuna mtu anatembea juu ya lami, kavaa koti jeusi, kajifunika kichwa kwa baridi. Kwa nini yuko juu ya lami? Kwa sababu pembeni hakuna pa kukanyaga, kuna majani na mtaro. Anatoka shambani au anarudi kilabuni, hana barabara nyingine. Unampita umeshampita, ndipo unajua alikuwepo. Hiyo kamera yenu ikipigwa na hizo taa haipofuki?

Na swali la pili. Tajiri kaleta Scania za Ulaya, zina kitu kama hicho unachosema. Zinaona mtu?

Fundi Waya

Shikamoo mzee. Inapofuka. Si kama jicho letu hasa, lakini mwanga mkali wa moja kwa moja unaijaza picha, na mtu mweusi aliyevaa nyeusi kando ya taa hiyo hana umbo. Jua la jioni likiwa usoni ni hivyohivyo. Mifumo mizuri inajua kwamba haioni na inakuwashia taa ya njano.

Hizo Scania: sheria ya Ulaya ililazimisha malori mapya yote kuwa na breki ya dharura kuanzia Novemba 2015, ila sheria ile iliangalia gari lililo mbele, si mtu. Zako kama ni za miaka hiyo, chukulia kwamba kwa mtembea kwa miguu uko peke yako.

Mzee wa Semi

Marahaba. Basi ndivyo nilivyokuwa naendesha siku zote.

Mdadisi Huru

Tuseme ukweli, hizi mashine zimefundishwa kwa picha za Wazungu. Nilisikia hazituoni weusi. Na ile gari ya Uber iliyoua mtu Arizona 2018? Mnatuletea vitu vya majaribio Afrika.

Fundi Waya

Umeweka mambo mawili, niyatenganishe.

La Uber, Tempe, Machi 2018: ile ilikuwa Volvo iliyofungwa mtambo wa Uber wa kujiendesha. Volvo yenyewe ilikuja na breki yake ya dharura kutoka kiwandani, na NTSB, wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani, wakaeleza kwamba Uber waliizima kila mtambo wao ulipokuwa unaendesha. Mtambo wa Uber ulimwona yule mama akikokota baiskeli zaidi ya sekunde tano kabla, ukawa unabadilisha jina lake: gari, kitu kingine, baiskeli. Haukuwa umeandaliwa kumtarajia mtu anayevuka pasipo kivuko. Hilo la mwisho lingekuwa balaa Buguruni.

La rangi: utafiti upo. 2023 watafiti wa King's College London na Chuo Kikuu cha Peking walipima programu nane za kutambua watembea kwa miguu kwa picha zaidi ya 8,000. Wenye ngozi nyeupe walitambuliwa vizuri zaidi ya wenye ngozi nyeusi kwa asilimia 7.5, na pengo linaongezeka mwanga ukiwa hafifu. Ila hizo ni programu za wazi za watafiti, si zile zilizomo ndani ya gari za dukani, ambazo kampuni hazimfungulii mtu. Kwa hiyo usiseme "hazituoni". Sema wenye kampuni hawajatuonyesha kama zinatuona sawa.

Halafu ndani ya utafiti huohuo kuna namba watu wanairuka: watu wazima walitambuliwa kwa karibu asilimia 20 zaidi ya watoto. Pengo la watoto ni kubwa kuliko la rangi. Changanya na ile asilimia 89 ya AAA, kisha fikiria mtoto mweusi mwenye sare ya kaptula ya bluu saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachomoza.

Mwalimu wa Zamu

Huyo mtoto wa saa kumi na mbili ninaye, ninao wengi. Shule yetu iko ng'ambo ya barabara kuu na zamu ya asubuhi ya kuwavusha ni yetu walimu, kijiti chenye kibao cha "SIMAMA" mkononi, na bado mtu anakupita kwa kasi huku anakupigia honi.

Nimesoma uzi wote kwa makini. Ombi langu msiniletee kamera. Hapahapa Dar shirika la Amend liliendesha mradi unaoitwa SARSAI kwenye maeneo ya shule. Mambo yenyewe ni matuta, vivuko vya zebra, njia ya miguu iliyotenganishwa na magari kwa nguzo fupi, geti la shule kuhamishwa upande usio na barabara kubwa, na watoto kufundishwa. Wakapima kitaalamu, shule zilizofanyiwa na zisizofanyiwa, matokeo yakachapishwa 2019: majeruhi walipungua asilimia 26. Mwaka huohuo mradi ukapata tuzo ya WRI Ross ya miji.

Fundi, wewe umetuambia Wamarekani kwa gari mpya zenye kompyuta wamepunguza 27. Sisi kwa zege na rangi nyeupe 26. Najua si mizani moja, kule ni ajali za kila mtembea kwa miguu, huku ni watoto kuzunguka shule. Lakini tuta linafanya kazi usiku, na linamsimamisha hata mwenye Noah ya 2001 asiyejua Japani wala kamera.

Dalali wa Bandari

Na linaua shokapu mwalimu 😂

Mwalimu wa Zamu

Ukipita kwa mwendo ulioandikwa kwenye kibao haliui. Likiua ujue ndilo lilikusudiwa.

Kijiwe cha Pikipiki

Dalali kapigwa cha mkono hapo.

Fundi Waya

Mwalimu nakubaliana nawe, na zaidi: vinasaidiana. Nilisema mashine inashinda binadamu ikiwa 30 kwa saa. Nani atamfanya dereva awe 30? Tuta lako. Nani atamfanya mtu aonekane na kamera usiku? Taa ya barabarani. Ile faida ya Marekani haikuonekana gizani pasipo na taa. Ukiichukua kamera peke yake ukaileta Mlandizi, umeleta nusu ya kitu.

Mdadisi Huru

Serikali ilazimishe basi, gari isiyokuwa nayo isiingie.

Fundi Waya

Bei ya gari itapanda na watu watarudi kwenye zilezile kuukuu zilizopo. Hata hivyo mzigo unakuja wenyewe. Japani imelazimisha kwa modeli mpya za ndani tangu Novemba 2021. Ulaya breki ya kumtambua mtu na mwendesha baiskeli ni lazima kwa modeli mpya tangu Julai 2024, kwa gari zote mpya Julai 2026. Marekani waliandika kanuni Aprili 2024 ya kuanza Septemba 2029, hiyo ndiyo kali, inadai mtu atambuliwe hata usiku na breki ijifunge kwa ajili yake hadi mwendo wa kama 72 kwa saa. Mamlaka yao, NHTSA, ilikadiria itaokoa watu wasiopungua 360 kwa mwaka. Watengenezaji wakaenda mahakamani Januari 2025 kuipinga. Sisi tunapata za Japani zikiwa na miaka saba, minane, kumi. Cha kulazimisha sasa hivi, kwa maoni yangu, ni ukaguzi: gari yenye mfumo ikikaguliwa na taa ya dashibodi inawaka, mwenyewe aambiwe kwa maandishi. Na anayeuza aandike ni wa aina gani.

Shangazi wa South B

Fundi nimepata mtu hapa Industrial Area ako na hicho kibao cha kusetia. Bei yake nimekaa chini. Ni zaidi ya kile kioo chenyewe.

Fundi Waya

Inawezekana dada, mashine zake ghali na wenye nazo wachache. Mwambie akupe karatasi ya matokeo baada ya kuseti, mashine inaitoa yenyewe. Asipotoa, usilipe yote.

Kigamboni Yetu

Mkuu swali la haraka, mwaka na modeli naweka kama ulivyosema: Nissan Note 2014. Ile taa ya njano ya breki ya dharura inawaka asubuhi tu, hasa siku za mvua. Nikifika Kivukoni imeshazima. Kamera ndiyo inakufa?

Fundi Waya

Haijafa. Huo ni mvuke umeganda kwenye kioo mbele ya lenzi, kamera inaona ukungu na inakwambia haioni. Asubuhi washa AC, elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, subiri dakika chache kabla ya kuondoka. Kwa nje, mpira wa waipa wa upande wa juu ukiwa umechakaa unaacha mstari wa maji palepale kwenye kamera, ubadilishe. Ndani futa kwa kitambaa kikavu, na dawa ya kung'arisha dashibodi usiipulizie tena, mafuta yake yanapanda kwenye kioo jua likiwaka. Usifungue kile kiboksi wala usimruhusu mwosha magari akifungue. Ikiendelea kuwaka saa sita mchana kioo kikiwa kikavu, hapo ndipo uilete.